Kabla Hujaing'arisha Karabai

Karabai imerudi mjini. Utaiona ikining'inia juu ya kaunta ya mkahawa kule Westlands, au imewekwa dirishani kwenye nyumba ya kukodisha kwa usiku mmoja, imesuguliwa mpaka unaweza kujiona uso. Pale palipokuwa na moto sasa pana balbu ndogo ya LED. Watu wanapiga picha, wanaipandisha mtandaoni, mioyo inamiminika. Ni nadra kusikia mtu akiuliza taa ile ilikuwa ya nani, na uchafu uliotolewa ulikuwa uchafu gani.

Kwangu mimi hayo ni swali moja. Taa ya zamani ina uchafu wa aina mbili. Kuna ule unaoweza kukuumiza: masizi, vumbi, risasi, mafuta yaliyooza ndani ya tangi. Halafu kuna ule ambao tunauita uchafu lakini si uchafu: kiraka alichobandika fundi, jina lililokwaruzwa kwa msumari chini ya tangi, alama ya waya ulioshikilia mpini uliovunjika. Anayesugua tu bila kujua historia ya kitu anajiletea hasara mbili kwa mpigo. Anaivuta sumu kifuani, halafu anaufuta ushahidi kwa mikono yake mwenyewe.

Kuvitenganisha viwili hivyo kunahitaji kujua taa ilitoka wapi na ilifanya kazi gani. Wacha tuchukue Kakamega kama mfano, kwa sababu pale historia ya mwanga unaweza kuifuata kuanzia chini ya ardhi hadi kwenye nyaya zinazopita juu ya vichwa vya watu.

*

Tuanze na jina. Litamke polepole: ka-ra-bai. Ni carbide hiyo, imepita kwenye ulimi wetu ikatoka na nguo mpya. Kabla neno halijahamia kwenye taa ya pampu tunayoijua, lilikuwa la taa ya kabaidi. Kabaidi ni mawe ya kijivu. Yakidondokewa na maji hutoa gesi ya asetilini, na gesi hiyo ikiwashwa hutoa mwali mweupe, mkali. Njia ya kuyatengeneza kibiashara ilipatikana 1892, kazi ya Thomas Willson kule North Carolina, Marekani. Haikupita miaka mingi, taa za kabaidi zikawa kwenye baiskeli, kwenye magari ya mwanzo, na kwenye kofia za wachimba migodi.

Kakamega iliingia kwenye hadithi ya migodi mwaka 1931, wakati mlowezi mmoja Mmarekani, L. A. Johnson, alipopata dhahabu. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, wakulima wazungu wa kule bondeni walikuwa hoi, kwa hivyo habari zilipoenea walikuja mbio na sururu na mahema. Shida ni kwamba dhahabu ilikuwa chini ya mashamba ya watu. Sheria ya ardhi ya 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi zao ni yao daima, na kwamba kipande kikichukuliwa, kingine cha thamani sawa kitatolewa badala yake. Desemba 1932 serikali ya kikoloni ikaibadilisha: penye madini, fidia ya pesa ingetosha. Hiyo "daima" haikufika hata miaka mitatu.

Mgodi uliokuja kujulikana kuliko yote ni Rosterman, pembeni kabisa mwa mji. Ulifungwa 1952, lakini jina halikuondoka. Leo Rosterman ni mtaa, na wapo vijana wanaoendelea kuchimba huko kwa mikono, safari hii wakiwa na tochi za LED kichwani. Wakati wa Rosterman ya kwanza, taa ya kawaida kwenye migodi ya dhahabu sehemu nyingi duniani ilikuwa ya kabaidi. Hapo ndipo unaona jambo ambalo litajirudia katika hadithi hii yote: mwanga wa kisasa ulikuja Kakamega ukiifuata dhahabu. Haukuja ukiwafuata watu.

Sasa, tuseme umepata taa ndogo ya kabaidi sokoni, au kwenye sanduku la babu. Imejaa ukoko mweupe. Mkono unataka kuipeleka kwenye bomba moja kwa moja. Ngoja. Ukoko huo ni chokaa, mabaki ya kabaidi iliyokwisha kutumika, na chokaa hiyo inachoma ngozi na macho. Lakini kinachotisha zaidi ni kipande kidogo cha kabaidi ambacho hakijatumika, kimejificha chini ya ukoko. Ukikitia maji kitaanza kutoa gesi, na gesi hiyo haihitaji moto mkubwa kulipuka. Cheche tu inatosha. Kwa hivyo taa hii huoshwi kwanza. Unaifungua nje ya nyumba, mbali na jiko na sigara, umevaa glavu na miwani, unakwangua ukoko ukiwa mkavu kwa kijiti cha mbao, polepole, bila kupuliza. Ukishaona chuma kitupu, ndipo maji yanaruhusiwa.

Ona ilivyo: kama hujui kwamba taa hiyo ilikuwa ya kabaidi, kitu cha kawaida kabisa kama maji kinageuka hatari. Historia hapa inafanya kazi ya kinga.

*

Karabai tunayoijua wengi wetu ni ile ya pampu, na babu yake alizaliwa Berlin. Max Graetz ndiye aliyeipa jina la Petromax, akiunganisha mafuta ya petroli na jina lake mwenyewe. Inafanya kazi hivi: unapampu hewa ndani ya tangi, hewa inasukuma mafuta ya taa kupanda juu, joto linayageuza mvuke, mvuke unaungua ndani ya kisoksi cheupe, na kisoksi ndicho kinachong'aa. Mwanga wake unatoka kwenye kile kisoksi, si kwenye mwali wenyewe.

Katika boma za magharibi ya Kenya karabai haikuwa taa ya kila siku. Ilikula mafuta, ilikuwa ghali, na si kila nyumba ilikuwa nayo. Ilikuwa taa ya siku kubwa: mkesha wa kanisa, harusi, na zaidi ya yote, matanga. Mtu akifa, watu hulala nje na marehemu, wanaimba, isukuti zinapigwa, chai inapikwa kwa sufuria kubwa. Karabai iliazimwa kwa jirani au kwa mwalimu, ikatundikwa kwenye mti au kwenye nguzo ya turubai. Ile sauti yake, fsssss, kwa watu wa umri fulani ni sauti ya msiba. Kando ya Ziwa Victoria, taa hiyohiyo ilikuwa na maisha mengine kabisa: wavuvi wa omena waliielea majini usiku kuwavuta samaki. Taa moja, lakini alama zake ni tofauti. Ya ziwani imeliwa na kutu. Ya matanga ina mikwaruzo ya kubebwa na kutundikwa.

Ukiipata karabai ya namna hiyo, hatari ya kwanza ni kile kisoksi. Carl Auer von Welsbach, mkemia wa Austria, alikipatia hataza 1885, na kufikia 1891 alikuwa amepata mchanganyiko uliotawala karne nzima: karibu wote thoriamu, na asilimia moja hivi ya seriamu. Thoriamu ni madini yanayotoa mnururisho. Usiogope kupita kiasi. Miale yake mingi haipenyi hata ngozi. Tatizo ni kwamba kisoksi kikishawashwa huwa majivu yaliyosimama. Ukikigusa kinavunjika kuwa vumbi, na vumbi hilo halipaswi kuingia kwenye mapafu wala kwenye chakula chako. Kuanzia miaka ya 1990 watengenezaji kama Coleman walianza kutumia itriamu badala ya thoriamu, lakini karabai ya zamani, na pakiti ya zamani ya visoksi iliyosahaulika kwenye droo, chukulia kwamba ni ya thoriamu.

Kwa hivyo kisoksi kikuukuu usikipulize, na usikipigepige ili kidondoke. Toka nje, vaa barakoa na glavu, kinyunyizie maji kidogo kwanza, kitoe na karatasi yenye unyevu, tia kwenye mfuko, funga. Futa sehemu iliyobaki kwa kitambaa kibichi. Nawa mikono kabla hujagusa simu.

Hatari ya pili ni tangi. Mafuta ya miaka ishirini hugeuka gundi, na huwezi kujua kama yalichanganywa na petroli. Yamwage nje kwenye chombo chenye kifuniko, si kwenye mtaro na si kwenye mizizi ya mti. Usiwashe taa "kuona tu kama inafanya". Kwanza tia pampu mara chache, zamisha tangi lisilo na mafuta kwenye beseni la maji, tazama kama kuna mapovu. Palipo na povu pana ufa, na tangi lenye ufa likipata mafuta na moto huwa bomu. Kile kingozi cha pampu huwa kimekauka. Matone machache ya mafuta hukirudishia uhai.

Hatari ya tatu ni hamu yetu ya kuona kitu kinang'aa. Chukua sumaku ndogo. Ikishika, hilo ni bati au chuma. Isiposhika, huenda ni shaba ya manjano. Lakini karabai nyingi ni shaba iliyopakwa nikeli juu, na rangi yake ya fedha ni tabaka jembamba sana. Ukilisugua kwa dawa kali ya chuma au steelwool, unalimaliza siku moja na halirudi. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, kitambaa laini na subira vinatosha. Ndimu na chumvi zina nguvu kwenye shaba tupu, ila suuza haraka. Na tafadhali, usiwahi kuchanganya ndimu au siki na Jik. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na ukiufanyia kwenye bafu dogo la bedsitter, hiyo si kazi tena, ni dharura.

*

Tumeongea sana kuhusu karabai kwa sababu ni nzuri kwa macho. Lakini tukisema ukweli, kama unataka kuirejesha taa iliyowasomesha watu wa Kakamega, hiyo taa ni koroboi.

Koroboi haikutoka Berlin. Ni mkebe uliokwisha kazi yake ya kwanza, ukakatwa na kuunganishwa na fundi wa jua kali, ukatobolewa juu, ukatiwa utambi wa kitambaa. Haina kioo wala kizuizi. Juu yake kidogo kwenye ngazi ya maisha ilikaa taa ya chemni, ile yenye kioo na mpini, ambayo kioo chake kilisafishwa kila jioni na watoto kwa majivu na gazeti, na ole wako ukilowesha kioo cha moto, maana kingepasuka na wewe ukajieleza.

Watafiti waliopima taa za utambi wazi walichapisha 2012 kwamba asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yanayoungua ndani yake hugeuka masizi meusi. Kwa hivyo zile pua nyeusi za asubuhi hazikuwa utani wa watoto wa shule, ulikuwa ushahidi wa kisayansi. Shirika la Afya Duniani lilishauri 2014 kwamba mafuta ya taa yasitumike majumbani. Ushauri wa mwaka 2014, kwa watu ambao walikuwa wameivuta ile hewa tangu walipozaliwa.

Ndiyo maana sipendi koroboi inapouzwa kama kumbukumbu tamu. Ilichoma nyumba. Ilichoma watoto. Wakati huohuo, ndiyo iliyokuwa juu ya meza wakati hesabu zinafanywa. Yote mawili ni kweli, na anayeirejesha inabidi ayabebe yote mawili.

Kuisafisha, basi: masizi yake yaondolewe, hasa ya ndani na ya mahali mkono unaposhika. Yafute kwa kitambaa kibichi chenye sabuni. Brashi kavu itayarusha hewani na utayavuta. Maungio yake mara nyingi yamelehemiwa kwa mchanganyiko wenye risasi, hivyo usiyapige msasa wala kuyachoma upya kwa moto, na usiigeuze kuwa kikombe cha kalamu cha mtoto. Lakini maandishi ya mkebe, kama bado yanasomeka, yaache. Yale maandishi ya kampuni ya rangi au ya dawa ya wadudu ndiyo yanayosema: mtu alikuwa hana taa, akajitengenezea kutoka kwa takataka za biashara ya mwingine. Ukiipaka rangi mpya ya kupendeza, umeifanya ionekane kana kwamba mtu aliichagua dukani.

*

Na umeme je? Hapa ndipo hadithi inauma.

Mombasa na Nairobi zilikuwa na umeme tangu 1908. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja, Uganda, na kabla miaka ya 1950 haijaisha, laini kubwa kutoka Tororo ilikuwa inapeleka umeme huo hadi Nairobi. Angalia ramani. Kutoka Tororo kwenda Nairobi ni lazima ukatize magharibi ya Kenya. Nyaya zilipita juu ya mashamba, watu wakilima chini yake, na jioni waliokuwa chini ya nyaya waliwasha koroboi. Umeme ulikuwa pale, unaonekana, lakini ulikuwa wa kupita tu.

Kufikia sensa ya 2009, kaya zilizotumia umeme kwa mwanga Kenya nzima hazikufika robo, na katika Kakamega hazikufika hata moja kati ya kumi. Halafu mambo yakaenda kasi. M-KOPA ilianza 2012, watu wakawa wanalipia sola kidogokidogo kwa simu. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Last Mile, na ada ya kuunganishwa ikashuka kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000. Mwaka 2018 mafuta ya taa yakaongezewa tozo ya Sh18 kwa lita ili kuzuia uchakachuaji, na kwa nyumba nyingi huo ukawa mwisho wa mapenzi. Sensa ya 2019 ikakuta nusu ya kaya za Kenya ziko kwenye umeme. Katika muongo mmoja, taa za miaka mia moja zikawa vyuma chakavu.

Taa za umeme za zamani nazo zipo, kwenye maduka ya zamani, majengo ya misheni na nyumba za serikali: shedi za enameli, swichi za duara za plastiki nyeusi ngumu, mirija mirefu ya darini. Kwa hizi sheria ni fupi. Zima umeme kwenye swichi kuu, si ya ukutani pekee, halafu pima kwa tester kabla hujagusa. Waya za zamani zilivishwa mpira na kitambaa; mpira ukizeeka huwa kama biskuti, ukiukunja unamomonyoka na kuacha shaba wazi. Waya hizo hazirejeshwi, zinabadilishwa. Ile plastiki nyeusi usiipige msasa, kwani nyingine ilichanganywa na asibestosi. Mirija ina zebaki, ukiivunja fungua madirisha na utoke kwa muda. Kila taa yenye mwili wa chuma iunganishwe na waya wa ardhini, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Hii inahusu pia ile karabai ya mkahawani: ukiitia waya, imekuwa kifaa cha umeme chenye mwili wa chuma. Urembo haukulindi na shoti. Tumia balbu ya LED ya wati chache, isiyopasha joto.

*

Sasa turudi kwenye lile swali la uchafu gani uende na upi ubaki. Kanuni yangu ni rahisi. Kinachoweza kuingia mwilini mwa mtu, kitolewe chote: masizi, vumbi la kisoksi, mafuta, chokaa, waya mbovu. Kinachosema habari za mtu, kibaki: kiraka, mbonyeo, jina, maandishi ya mkebe, mpini wa waya. Piga picha kabla hujafungua skrubu ya kwanza, kwa sababu taa hukumbuka tu mpaka pale unapoitenganisha.

Na kuna kipande kimoja cha urejeshaji ambacho hakihitaji glavu. Taa nyingi zimebaki bila mwenyewe kwa sababu aliyeziuza alitaka pesa, aliyezinunua alitaka urembo, na katikati hakuna aliyeandika kitu. Kama ni ya kwenu, muulize kukhu wako angali yupo: iliwashwa lini mara ya mwisho, kwa matanga ya nani, nani alikuwa anaipampu, mafuta yalinunuliwa kwa nani. Kama umeinunua, muulize muuzaji imetoka kijiji gani, hata kama jibu ni nusu. Andika kwenye kikaratasi, ukifunge kwa uzi kwenye mpini. Ikining'inia hapo juu ya meza na balbu yake mpya, mgeni ataivuta ile karatasi asome. Atakuwa amepata mwanga mara mbili.